Kiongozi mwanamke na swali la nani kabaki nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni ya wasomaji ili niseme neno kuhusu ushauri ambao sisi wanawake tulio katika uongozi wa vijiji tumekuwa tukipewa kila inapoandaliwa semina, kila ifikapo Machi 8, na kila zinapoanza Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, kwamba tujifunze kupanga muda wetu ili harakati za usawa na kazi za uongozi zisije zikavuruga ndoa zetu na malezi ya watoto, huku tukiulizwa nani kabaki nyumbani. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na mara nyingi wanaoutoa ni wanawake wenzetu waliotutangulia. Hata hivyo naona unapelekwa kwa mtu asiyehusika, kwa sababu tabu inayozungumzwa haitokani na mwanamke kutojua kupanga muda. Inatokana na namna vikao vya kijiji vinavyoendeshwa na namna kazi za nyumbani zinavyogawanywa, na mambo hayo mawili hayamo mikononi mwake peke yake.

Mimi ni mjumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji katika Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, na ni mama wa watoto wanne, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Kwa faida ya wasiofahamu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka baraza hilo liwe na wajumbe saba, wanawake wakiwa si chini ya watatu, na akidi yake, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiwe halali, ni wajumbe wanne ambao angalau wawili kati yao ni wanawake. Katika halmashauri ya kijiji nako sheria inataka wanawake wawe si chini ya robo ya wajumbe. Wapo wanaosema viti hivyo ni zawadi tuliyopewa ili tutulie. Waje wasikilize mashauri yanayoletwa. Katika vijiji vyetu vya michungwa na minazi, anayefika mbele ya baraza aghalabu ni mjane ambaye shemeji zake wamemwambia arudi kwao kabla hata arobaini haijafika, au binti ambaye kaka zake wanadai kwamba aliyeolewa hana fungu katika shamba la baba, ilhali Sheria hiyo ya Ardhi ya Vijiji imetamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mama wa namna hiyo akikuta benchi zima limejaa wanaume, ambao wawili kati yao ni wajomba wa mdaiwa, atasema nusu ya aliyokuja nayo na nusu atarudi nayo.

Sasa nieleze kikao chenyewe kinavyokwenda. Tangazo hubandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji, na saa inayoandikwa ni saa nne asubuhi. Wanaofika saa nne ni wanawake, kwa kuwa wameamka saa kumi na moja, wamekwisha kuchota maji, kupika uji, kuwaandaa watoto wa shule na kufagia uwanja, na wamekimbia ili wasije wakaambiwa kwamba akina mama hawajali muda. Wanaume huingia mmoja mmoja, wengine wakitokea kijiweni kwenye kahawa, na mtendaji naye huwa ameitwa kata. Akidi hutimia saa saba kasoro. Kisha unasomwa muhtasari wa kikao kilichopita, yanafuata yatokanayo, anapewa nafasi mgeni wa kutoa salamu, na salamu hizo huwa ndefu. Shauri la mjane hufikiwa kwenye saa tisa, wakati watoto wametoka shule na maziwa yananimwagikia kifuani. Nikisimama kuomba ruhusa hakuna anayenikatalia. Ninaruhusiwa kwa upole kabisa, "nenda mama, mtoto anakusubiri," na uamuzi unafikiwa mimi nikiwa njiani. Karatasi ya mahudhurio itaonyesha kuwa nilikuwapo, kwani nilitia saini asubuhi, na yeyote atakayekagua faili hilo wilayani ataridhika kwamba akidi ya wanawake ilitimia.

Niliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili ambayo tulifundishwa kuchora jedwali la saa 24 na kuonyesha mahali tunapopoteza muda. Semina yenyewe ilichelewa kuanza kwa saa mbili na nusu, tukimngoja mgeni rasmi.

Jambo hili halitupati sisi wa vijijini tu. Majirani zetu wa Kwale, ng'ambo ya mpaka, walimchagua Zulekha Hassan kuwa mwakilishi wao wa wanawake katika Bunge la Kenya, na Agosti 7, 2019 alitolewa nje ya ukumbi kwa sababu aliingia na mtoto wake wa miezi mitano. Kwa mujibu wa kanuni za Bunge, mtoto huyo alihesabiwa kuwa mgeni asiyeruhusiwa kuingia. Baadhi ya wabunge wanawake walitoka pamoja naye. Wakati huo Kenya ilikuwa tayari na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inayowataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Ikiwa hayo yanampata mbunge, mwenye mshahara, gari na wasaidizi, basi mjumbe wa baraza la kijiji anayekalia benchi la mninga bila mshahara hana hata pa kuanzia kulalamika. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, lakini inamhusu mwajiriwa, nasi si waajiriwa wa mtu. Sheria hiyo hiyo inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na baba siku tatu. Huko Kenya baba hupewa wiki mbili. Sisemi wiki mbili zinatosha, lakini mwanamume aliyepewa siku tatu na serikali yake amekwisha kuelezwa kwamba mtoto ni shughuli ya nani.

Mwaka 2025 ilitimia miaka 30 tangu mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa mama yetu Gertrude Mongella. Baada ya mkutano ule ilizuka kauli mitaani, "usiniletee mambo ya Beijing," na mpaka leo wanaume huitoa mke anapochelewa kurudi kutoka kikaoni. Wengi wanaoitoa hawajui kwamba Azimio la Beijing, pamoja na kudai haki na fursa sawa, lilitaja waziwazi kugawana kwa usawa majukumu ya familia kati ya mwanamume na mwanamke. Sisi tumeyashughulikia yale ya viti, na tumepiga hatua ambayo mama zetu hawakuiota, mpaka kuwa na Rais mwanamke tangu Machi 19, 2021. Lile la majukumu ya familia tumelitaja kwenye kauli mbiu na kulichapisha kwenye khanga, halafu tukarudi nyumbani kuwasha moto.

Kwangu mimi hali ni nafuu kuliko kwa wenzangu wengi. Siku za baraza mume wangu husonga ugali, huwaogesha watoto, na yule mdogo humbeba mgongoni hadi dukani. Shida yake si kazi, shida ni wenzake. Wameshamwambia kwamba amelishwa limbwata, na mmoja alifika kumwonya mbele ya mama mkwe wangu kwamba mwanamke wa vikao hana mwisho mwema. Mama mkwe, Mungu amzidishie umri, alimjibu kwamba yeye mwenyewe alilima shamba ambalo mumewe alifika tu kupigia picha. Wanaume wa namna ya mume wangu wapo wengi kuliko tunavyodhani, ila wengi wao hupika mlango ukiwa umefungwa. Wanaotumia dini kama kisingizio wawaulize masheikh wetu, ambao hutukumbusha mara kwa mara kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na muda wa sala ukifika ndipo hutoka kwenda kusali.

Msibani nako huonekana. Mwenyekiti wa kijiji mwanamume akifika huonyeshwa pa kukaa jamvini, akatoa rambirambi kwa niaba ya kijiji, akasikilizwa. Mjumbe mwanamke akifika, hata kama ametumwa na kijiji hicho hicho, hutarajiwa apitilize moja kwa moja nyuma ya nyumba kwenye mafiga na masufuria. Akikaa jamvini ataambiwa anajiona, na akienda jikoni hakuna atakayekumbuka kwamba alikuja kama kiongozi. Wengi wetu hufanya yote mawili, na ndiyo maana hurudi nyumbani usiku.

Lipo jambo jingine ambalo sisi wanaharakati hatupendi kulisema, nami nalisema nikijua litawaudhi baadhi ya dada zangu. Kiongozi mwanamke anapotoka kwenda semina, na mume hashiki kazi, kazi hiyo haifutiki. Inamwangukia binti mkubwa, ambaye hukosa kipindi cha jioni shuleni, au inamwangukia dada wa kazi, ambaye mara nyingi ni msichana aliyeletwa kutoka kijiji cha mbali akiwa hajamaliza hata darasa la saba, analala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Nimekaa katika vikao ambavyo tulijadili elimu ya mtoto wa kike kuanzia asubuhi hadi jioni, wakati watoto wa kike wapo majumbani mwetu wakitufulia. Mwanamke akipata nafasi ya kuongoza kwa kumhamishia msichana mwingine mzigo wake, na mwenye nyumba akabaki kusoma gazeti, nyumba hiyo haijabadilika hata kidogo. Kwa hiyo swali la nani kabaki nyumbani ni swali halali kabisa, na mimi silikatai. Ninachokataa ni kwamba anaulizwa mwanamke peke yake. Sijawahi kusikia mgombea mwanamume wa uenyekiti wa kitongoji akiulizwa kwenye mkutano wa kampeni nani atamlelea watoto, ilhali katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 tuliwasikia wanawake wakitabiriwa kuachika.

Wapo watakaosema kwamba kazi za nyumbani hazina thamani ya kujadiliwa gazetini. Mahakama ya Rufani ya Tanzania haikuona hivyo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa, wakati wa kugawana mali hiyo chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokidai, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizokuwa amepewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya, lakini msingi uliowekwa siku hiyo umewasaidia wanawake wengi baada yake. Kama kupika na kulea vina thamani mbele ya majaji siku ndoa inapovunjika, sioni kwa nini visihesabiwe ndoa ikiwa hai, siku mwenyekiti anapopanga saa ya kikao.

Ninachokiomba kwa halmashauri yetu ya wilaya, na kwa nyingine zitakazosoma barua hii, hakihitaji bajeti. Mkurugenzi anaweza kutoa maelekezo kwa watendaji wa vijiji kwamba tangazo la kikao lionyeshe saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kwamba mashauri ya watu yasikilizwe kabla ya salamu na mengineyo, na kwamba akidi ihesabiwe upya wakati wa kufikia uamuzi na majina ya wanawake waliokuwapo wakati huo yaandikwe kwenye muhtasari. Uamuzi uliofikiwa baada ya wanawake kuondoka usipokelewe wilayani. Hilo la akidi ndilo kubwa kwangu, kwa sababu mwenyekiti akijua kwamba kikao cha saa kumi jioni hakitakuwa na nguvu, atakianza mapema bila kusukumwa. Mjumbe mwenye mtoto mchanga naye aruhusiwe kukaa naye kikaoni, jambo ambalo baadhi ya vijiji hulifanya tayari bila kelele na mashauri yakasikilizwa vizuri tu.

Na kwa mashirika yanayotuandalia semina za kupanga muda, tunawashukuru kwa nauli na chakula cha mchana. Safari ijayo waalikeni wenyeviti wa vijiji na waume wa wajumbe, muwape wao lile jedwali la saa 24 walijaze, na sisi tubaki na watoto siku hizo mbili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji,
Muheza, Tanga.