Barua kwa Mwalimu: Hedi ya 504 Haing'olewi kwa Mtarimbo

Mtoni Kijichi,
Dar es Salaam.
Jumapili jioni.

Kwako ndugu yangu Mwalimu,

Salamu nyingi wewe na shemeji na watoto wote hapo Tanga. Huku kwetu hatujambo, ila joto la mwezi huu linatukalisha barazani hadi usiku wa manane. Picha ulizonitumia nimezitazama kwa miwani na bila miwani, na mengine yote nitakueleza tukionana, kwa sababu jambo uliloniuliza haliwezi kungoja. Unasema bolti zote kumi za silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini ya Peugeot 504 yako, zimetoka, hedi yenyewe haijasogea hata unywele, na fundi wako ameahidi kurudi Jumatano na mtarimbo ili aimalize kazi. Naomba sana, kwa urafiki wetu wa miaka yote hii, umzuie.

Yaliyokupata yalinipata mimi kabla yako. Utakumbuka gari langu lilinichemkia kwenye foleni ya Kimara, gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, ikaungua, nami kwa kukosa fedha nikaliegesha chini ya mwembe uani, nikisema nitalishughulikia mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa miaka mitatu. Kilichokuwa kikiendelea ndani ya injini kwa muda wote huo sikukijua mpaka ilipofunguliwa, na nadhani ndicho kilicho ndani ya injini yako pia, maana uliwahi kuniambia kwamba rejeta yako nayo hujazwa maji ya kisima.

Hedi ya 504 ni ya aluminiamu, bloku lake, yaani mwili wa injini ulio chini ya hedi, ni chuma cha kusubu, na bolti zinazoviunganisha ni za chuma cha pua kigumu cha kawaida, kile kinachopata kutu. Ukiviweka vyuma hivi vya asili tofauti pamoja katika maji yenye chumvi, hufanya kazi ileile inayofanywa na betri: umeme mdogo hupita kati yake, na anayeliwa ni aluminiamu. Anapoliwa hageuki kuwa kitu chepesi kinachooshwa na maji, bali hugeuka unga mweupe mgumu unaochukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichopotea. Gasketi ikishaungua, maji hupenya hadi kwenye matundu ya bolti, unga huo hujaa katika ule mwanya mwembamba unaoizunguka kila bolti, na hukaza kama ugali uliokaukia sufuriani. Visima vyetu vya huku Mtoni unavijua; maji yake hata sabuni huyakataa. Mimi niliyamimina kwenye rejeta miaka na miaka kwa kuwa yalikuwa ya bure.

Fundi wangu wa kwanza, ambaye simtaji kwa kuwa bado tunasalimiana, alikuwa na haraka kama wako. Alichukua tindo akaipigilia kwenye mshono, pale hedi inapokutana na bloku, akitaraji kwamba itaachia. Haikuachia. Tindo iliacha jeraha la urefu wa ukucha wa kidole gumba katika uso wa aluminiamu, na jeraha hilo nililipia baadaye kwa mchonga vyuma. Mwenzake alishauri tumimine maji ya betri kwenye matundu ili yale kutu. Nilimshukuru, nikamwambia aende akapumzike, kwa maana asidi ile haichagui: ingekula kutu, ingekula bolti, na ingeila hedi yenyewe.

Lakini jeraha la tindo ni dogo likilinganishwa na hatari ninayokuandikia barua hii kwa ajili yake. Injini ya 504 si kama ya Land Rover ya zamani, ambayo silinda zake zimetobolewa ndani ya bloku lenyewe. Ya kwetu ina slivu nne, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazosimama ndani ya maji, kila moja ikiwa imekalia sili yake nyembamba ya kuzuia maji huko chini, na kinachozikandamiza zisiinuke ni hiyohiyo hedi. Gasketi ya zamani huganda juu kwenye hedi na vilevile kwenye midomo ya slivu. Mtu akiivuta hedi moja kwa moja kwenda juu, kwa mtarimbo au kwa winchi, huenda ikapanda pamoja na slivu mbili au tatu. Hata ikipanda milimita moja tu, sili zimekwisha kuachia, takataka zimeingia chini yake, na siku utakapojaza maji utayakuta yakishuka kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, na kuchanganyika na oili. Hapo kazi ya hedi itakuwa imegeuka kuwa kazi ya injini nzima.

Kwa sababu hiyohiyo usikubali ile mbinu ya kamba ambayo najua mtu atakutajia, kama hajakutajia tayari. Huingizwa kamba ya manila kupitia tundu la plagi mpaka ijae juu ya pistoni, kisha krenki, ule mhimili unaozisukuma pistoni, ikazungushwa ili pistoni iisukume kamba na kamba iisukume hedi. Nimeiona ikifanya maajabu kwenye injini zisizo na slivu za maji. Kwetu sisi, pistoni ikipanda kwa nguvu na hedi ikainuka huku imeng'ang'ania slivu, utakuwa umezing'oa kwa mkono wako mwenyewe. Kupiga stata bolti zikiwa zimelegezwa, ili mgandamizo wa hewa uirushe hedi, kuna hatari hiyohiyo.

Hedi ya injini hii haivutwi, hutikiswa. Fundi wa pili, mzee mmoja wa Temeke aliyezitengeneza 504 tangu zilipokuwa teksi na magari ya wakubwa, alinifundisha hivyo, na nilimsimamia kuanzia asubuhi hadi alasiri nikiwa nimeshika taa. Alipofika hakugusa spana. Aliniomba kwanza birika, akauliza kama kuna kuni.

Bolti tisa zangu zilikuwa zimetoka, tena kwa utaratibu, injini ikiwa baridi, zikianza kulegezwa za pembeni na kumalizia za katikati. Ya kumi ilikuwa imeviringwa kichwa na boksi spana iliyochakaa, yenye meno kumi na mawili badala ya sita. Mzee alimwita kijana wa kuchomelea wa jirani, akaweka nati kubwa juu ya kile kichwa kilichokwisha, akaamuru ichomelewe kwa ndani mpaka vishikane. Nilitaka tuifungue palepale ikiwa nyekundu, akanizuia. Tukangoja hadi nilipoweza kuishika kwa kiganja. Kisha akaikaza kidogo, kama mtu anayeirudisha, ndipo akaifungua. Ilitoa mlio mrefu kama wa mlango wa ghala, na unga mweupe ukaanza kupanda ukizungukazunguka pamoja na hesi zake, ukamwagika juu ya hedi kama unga wa muhogo. Sijawahi kufurahishwa hivyo na uchafu.

Baada ya hapo ndipo birika likafanya kazi. Aluminiamu ikipashwa moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo maji yaliyochemka yakimiminwa juu ya hedi, hedi hutanuka kuliko kile inachokishikilia chini yake, na gundi ya gasketi huanza kupasuka. Moto wa gesi alisema hautaki, kwa kuwa mkono ukikosea hedi hupinda au hulainika, ilhali maji hata yakichemka vipi hayazidi nyuzi 100. Alimimina mabirika manne, akaacha ipoe, akamimina tena. Kati ya mmimino na mmimino alijaza matundu ya bolti kwa mchanganyiko wa mafuta ya taa na oili ya giaboksi ya otomatiki, akaketi kunywa chai. Wewe umebahatika kuwa na siku mbili kabla ya Jumatano: anza kuloweka mara tu barua hii ikikufikia, asubuhi na jioni, wala usione uvivu.

Kisha alichomeka nondo mbili laini katika matundu mawili ya bolti, moja kila mwisho wa hedi, akashika moja nami nikashika nyingine. Tulizivuta pamoja kuelekea kwetu, kisha tukazisukuma kuelekea upande wa pili, bila kuzinyanyua, kama watu wanaotikisa mlingoti kuutoa ardhini. Huku tukifanya hivyo mwanangu alikuwa akigonga pembe za hedi kwa nyundo, akiwa ameweka kipande cha mninga katikati ili chuma kisigonge aluminiamu. Kwa muda wa kama robo saa hapakuwa na lolote ila jasho. Halafu nikasikia kitu kidogo sana, kama biskuti inayovunjika, na nondo yangu ikaja kwa upana wa kidole. Mzee akasema, "Sasa tusiivute." Tuliendelea kuitikisa mpaka mshono ukaachia mzingo mzima, akapitisha taa na kuzikagua slivu moja baada ya nyingine, na ndipo tulipoinyanyua watu wawili na kuilaza juu ya gunia.

Kabla hujatikisa, hakikisha kwamba hakuna kilichosahaulika kinachoishikilia: bomba la ekzosi, mipira ya maji, waya wa joto, mabano. Pushirodi nazo, zile fito zinazosukuma valvu, zipangwe kwa zamu yake. Mimi nilitoboa matundu kwenye katoni la maziwa nikazisimamisha humo kwa namba.

Yaliyofuata ni kazi za kawaida, na fundi wako atazijua. Hedi nilipeleka kwa mchonga vyuma mtaa wa Gerezani ikapimwa kwa rula ya chuma, ikakutwa imepinda na ina lile jeraha la tindo, ikachongwa. Matundu ya bolti kwenye bloku yasafishwe na kukaushwa kabisa, kwani oili au maji yakibaki chini ya tundu lisilo na mwisho wazi, bolti ikikazwa huyabana na inaweza kupasua bloku. Bolti ununue mpya. Na maji ya kisima yasilikaribie gari hilo tena: mimi sasa hukinga mvua kutoka kwenye bati na kuchanganya na kulanti, ile dawa ya rejeta. Vijana wa mtaani hunicheka nikilinywesha gari maji ya mvua, nami huwakumbusha kwamba gari la aina hii ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, kwenye matope na vumbi la Kenya, na kwamba sidhani kama lilishinda kwa maji ya Mtoni.

Barua hii naitia ndani ya kifurushi nitakachowapa watu wa basi la kesho asubuhi. Humo utakuta nondo zangu mbili pamoja na bolti fupi nne zenye washa pana. Hedi ikishatoka, kabla mtu yeyote hajagusa krenki, zifungwe hizo bolti kwenye matundu yaliyo kati ya slivu, kila washa ikikalia midomo ya slivu, ili zisiinuke pistoni zikipanda. Na kile kilichofungwa katika gazeti ni ile bolti yangu ya kumi, nati ikiwa bado imechomelewa kichwani na unga mweupe ukiwa umeganda kiunoni mwake. Mwoneshe fundi wako Jumatano kabla hajateremsha mtarimbo, kisha unirudishie. Huwa naiweka mezani.

Ni mimi nduguyo wa Mtoni.