Safari ya London: masafa na saa za tiketi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mmeuliza kwa nini Unguja hadi London ni saa 16 wakati ramani inaonesha kama kilomita 7,400 tu. Hizo ni za mstari ulionyooka. Sisi tunapitia Doha: karibu kilomita 3,750, kisha 5,200 nyingine. Angani ni kama saa 13, zilizobaki ni za kungoja.

Saa za tiketi ni za kila uwanja kwa saa zake. Doha na sisi ni sawa mwaka mzima. London iko nyuma yetu saa 3, ila saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba. Ukiondoka 17:30 mwezi wa Januari ukafika kesho yake 06:30, usihesabu 13, ongeza 3, ziwe 16.

Wanapokosea wengi ni hapa: tiketi ikisema Ijumaa 01:10, ni saa 7:10 usiku wa kuamkia Ijumaa. Yaani uwe uwanjani Alkhamisi saa 4 usiku. Ukingoja hadi Ijumaa jioni, ndege ishakwenda zake.

Wa Pemba, msije na boti ya siku hiyohiyo. Kusi likivuma boti huahirishwa. Laleni Unguja.

Na tiketi mbili mbalimbali kwa kufuata bei, hapana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili imepotea, na hakuna wa kukulipa.

Picha za tiketi nitumieni mimi pembeni, si humu. Mwenye namba ya tiketi na jina lako anaweza kuibadilisha safari yako.