Mdogo wangu, nani alikuambia utatulia?

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umekaa kwenye taamuli siku tatu, dakika 20 kila asubuhi, macho umefumba na pumzi unaifuata, na badala ya kutulia ndiyo kwanza kichwa kimegeuka soko. "Hili si langu," ukamalizia. Nimecheka, wala si kwa kukudharau. Mimi mara ya kwanza nilifuata pumzi nne tu. Ya tano ikanikuta nagombana kichwani na mtu ambaye hatujaonana miaka.

Nadhani umeuziwa kitu kimoja kwa jina la kingine. Siku hizi taamuli inatangazwa kama dawa ya usingizi. Mafundisho ya Buddha yanataja mambo mawili: samatha, yaani kuutuliza moyo, na vipasana. Katika Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, passana ni kuona, na vi- inaongeza maana ya kupambanua. Kwa hiyo vipasana ni kuona kitu kama kilivyo, hata kisipopendeza.

Utulivu haudharauliwi, unasaidia macho yaone. Lakini kumbuka habari za Buddha mwenyewe kabla hajaamka kiroho. Alijifunza kwa walimu wawili, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta, akafikia utulivu mzito ambao mimi na wewe huenda tusiuonje kamwe. Mmoja alimtaka wawaongoze wanafunzi pamoja, mwingine akataka kumwachia uongozi wote. Akaondoka. Aliona kwamba utulivu ule, pamoja na uzuri wake, haukung'oa chanzo cha dhiki. Ukitoka ndani yake, unayakuta yaleyale.

Chanzo chenyewe anakiita tanha, neno linalomaanisha kiu. Na hapa, mdogo wangu, ndipo pa kukaza macho. Anaeleza mfuatano: kitu kinagusa hisi, panazuka mwonjo fulani, mtamu au mchungu au usio huku wala kule, ambao kwa Kipali huitwa vedana, kutoka hapo ndipo kiu inapochipuka, nipate zaidi au kiniondoke. Sisi tunaishi kana kwamba mwonjo na kiu ni kitu kimoja. Goti linauma, na papo hapo umeshalisogeza, umeshalilaani, umeshajiuliza kwa nini ulikubali kukaa. Ukikaa na kutazama kwa subira unagundua kuwa ni vitu viwili. Kuna maumivu, na kuna vita dhidi ya maumivu. Buddha alifananisha na mtu aliyepigwa mshale, kisha akapigwa wa pili. Wa kwanza haukwepeki. Wa pili tunauzidisha wenyewe.

Ukiendelea kutazama, yale maumivu nayo si kitu kizima. Yanafukuta, yanachoma, yanapoa, yanahamia pembeni. Hiyo ndiyo anicha, kutodumu. Kukishikilia kisichodumu ni dhiki, ndiyo dukha. La tatu, anata, ndilo gumu kuliko yote: kwamba katika haya yote hakuna kipande unachoweza kukiamuru na kusema "huyu ndiye mimi". Linasikika kama falsafa ya wenye muda mwingi. Lakini rudi kwenye soko lako. Yale mawazo uliyaita wewe? Uliweza kuyafukuza? Yalikuja yenyewe, yakaondoka yenyewe, na wewe ukabaki kushangaa. Soko hilo halikuanza juzi. Limekuwepo siku zote, ila ulikuwa ndani yake unanunua. Juzi ulisimama kidogo mlangoni ukaliona, halafu ukaniandikia kwamba umeshindwa!

Usidhani pia ni kazi ya watawa wa msituni tu. Kwa muda mrefu iliachiwa wachache, kweli. Ila Myanmar, baada ya Waingereza kuiteka Mandalay mwaka 1885, mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) alihimiza hata watu wa kawaida wajifunze. Baadaye U Ba Khin alifundisha huku akiwa mhasibu mkuu wa serikali, na mwanafunzi wake S. N. Goenka, mfanyabiashara, akaipeleka India mwaka 1969. Mahasi Sayadaw, mtawa mwingine wa huko Myanmar, naye alifundisha kutazama tumbo likipanda na kushuka, na kulitambua kila linalozuka.

Wapo wanaobishana kama lazima utangulize utulivu mzito. Katika maandiko Ananda, mwanafunzi wa Buddha, anasema wengine huanza na utulivu, wengine na kuona, wengine huenda navyo sambamba. Mimi ubishi huo nimeuacha. Nitakalokutahadharisha ni jingine: usikimbilie kukaa siku 10 kimya kama moyo wako una jeraha bichi. Hata Buddhaghosa, mfafanuzi wa maandiko wa karne ya 5, aliandika kwamba katika njia hii kuna hatua ya kuona kila kitu kikivunjika, na baada yake inafuata hofu.

Mwisho wa safari wanauita nirvana, kuzimika kwa tamaa, chuki na upumbavu. Mimi bado nawashwa pua nakuna.

Kesho ukikaa, goti likianza, usilihamishe papo hapo. Ukilihamisha si dhambi, ila tazama kwanza ile nia ya kulihamisha inavyoinuka. Kisha niandikie ulichoona, hata kama ni soko lilelile.

Kaka yako