Risala ya Wahitimu wa Shahada ya Uzamili ya Unasihi wa Shule kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Kitivo,
Walimu wetu na wasimamizi wetu wa mafunzo kwa vitendo,
Wazazi, ndugu na marafiki,

Tunakusalimu kwa heshima na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tumekualika wewe kwa sababu ndiwe unayeajiri wanasihi katika shule zako, na ndiwe unayewapangia kazi. Yapo tunayotaka uyajue, na yapo tutakayokuomba.

Mheshimiwa, programu yetu ina ithibati ya CACREP, baraza linalokagua mafunzo ya unasihi hapa Marekani. Kwa hiyo tumesoma krediti 60: makuzi ya mtoto, nadharia za unasihi, kuongoza vikundi, upimaji, utafiti, maadili ya kazi, na namna ya kumsaidia kijana kuchagua fani. Hilo la mwisho ndilo mzizi wa kazi yetu. Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston ya kuwaelekeza vijana wanaotafuta kazi. Urusi ya Kisovieti iliporusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, mwaka 1957, nchi hii ilishtuka, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyotoa fedha za kuwafundisha wanasihi, ili vijana wenye vipaji vya sayansi wasipotee njiani. Siku hizi anayebisha hodi kwa mnasihi si yule tu anayetafuta chuo. Anakuja aliyefiwa, anakuja ambaye wazazi wake wametengana, anakuja asiyejua kwa nini kila asubuhi tumbo linamuuma akifika langoni.

Vitabu tulivimudu. Kilichotutoa jasho ni saa 100 za kwanza za vitendo, ambazo 40 kati yake lazima uwe umeketi na wanafunzi wenyewe. Mazungumzo hurekodiwa kwa ridhaa ya mzazi, kisha unayasikiliza pamoja na msimamizi. Mmoja wetu alikuwa na mtoto wa miaka kumi aliyekuwa akichana karatasi ya kufutia machozi vipande vidogo vidogo na kuvipanga mezani. Mwenzetu, kwa kutaka kusaidia, akauliza maswali saba mfululizo. Msimamizi alisimamisha rekodi akamwambia, "Hapa alikuwa amevuta pumzi aseme. Ukamwahi." Wiki iliyofuata mwenzetu aliketi kimya, vipande vikaongezeka mezani, na baada ya muda mrefu mtoto akasema mwenyewe kwamba bibi yake amelazwa na nyumbani hakuna anayemweleza kitu. Sote tulijifunza katika rekodi ile. Kunyamaza vizuri ni kazi, na ni kazi inayotaka muda.

Tulifundishwa pia siri na mipaka yake. Kabla mtoto hajafungua moyo, tunamweleza kwa lugha anayoielewa kwamba atakayosema yatabaki kwetu, isipokuwa akiwa hatarini, akitaka kumdhuru mtu, au akiwa anadhulumiwa. Hayo ya dhuluma sheria inatutaka tuyaripoti. Ni sentensi chache, lakini tulizifanyia mazoezi mpaka usiku, maana mtoto aliyeahidiwa siri isiyo na mpaka akaja kuona imetoka hatarudi tena.

Baada ya hapo yalifuata mafunzo ya saa 600 shuleni, 240 zikiwa za kuwahudumia wanafunzi ana kwa ana. Sasa kila mmoja wetu anaomba cheti katika jimbo lake, na kila jimbo lina masharti yake. Cheti cha huku hakikupi ruhusa ya moja kwa moja kule.

Mheshimiwa, changamoto kubwa ilikuwa hizo saa 600. Wengi wetu hatukulipwa. Tulishinda shuleni mchana na kufanya kazi za kujikimu usiku, na tulikuwa na wenzetu wazuri tulioanza nao ambao leo hawako katika viti hivi kwa sababu hiyo tu. Tunakuomba shule zako ziwatengee posho wanafunzi wanaokuja kufanya mafunzo.

Ombi la pili ni la watoto. Chama cha wanasihi wa shule cha nchi hii, ASCA, kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250, na kwamba asilimia 80 ya muda wake, au zaidi, iende katika huduma kwa wanafunzi. Tulikokuwa, tuliwaona wanasihi wazoefu wakisimamia mitihani, wakipanga ratiba na kushika zamu ya chumba cha chakula, huku mtoto ameketi nje ya mlango wao na karatasi yake ya ruhusa mkononi mpaka kengele inalia anarudi darasani. Tunakuomba kazi hizo uzipangie watu wengine. Utakapotuajiri, tuachie muda wa kumngoja mtoto anayechana karatasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu uzungumze nasi.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa kwa niaba ya wahitimu wote.