RISALA YA WAKULIMA WA UNYUNYIZAJI KWA MGENI WA HESHIMA, SIKU YA WAKULIMA, RONGAI, KAUNTI YA NAKURU

Mgeni wa heshima, afisa wa kilimo wa wadi, chifu na wazee wa mtaa, akina mama na akina baba, vijana wetu, hamjambo na karibuni.

Tunakushukuru kwa kufika. Wengi wakisimama mbele ya mgeni huomba maji. Sisi leo tunaomba pia njia ya kuyatoa, kwa sababu maji tunayoyaleta shambani huja na chumvi, na penye mvua chache chumvi hiyo haina pa kwenda isipokuwa ichimbiwe mtaro.

Tuanze na hesabu. Maji ya kisima yasiyo na ladha yoyote ya chumvi mdomoni yaweza kubeba gramu 0.32 za chumvi kwa lita. Mita ya chumvi ya mkononi, inayopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, itasoma takriban desisimensi 0.5 kwa mita; chumvi ikizidi, namba hupanda. Ekari ya vitunguu ikipewa milimita 500 kwa msimu, hizo ni kama lita milioni 2. Ndani yake mna kilo 640 za chumvi, karibu magunia 13 ya kilo 50. Mmea hunywa maji na kuiacha sehemu kubwa ya chumvi, jua nalo hukausha yaliyobaki. Msimu unaofuata yanaingia magunia mengine 13.

Hivyo ndivyo mashamba ya kusini mwa Iraq yalivyoharibika maelfu ya miaka iliyopita, na Pakistani inapambana na janga hilo hadi leo.

Zao la kwanza kulia ni maharagwe: mavuno huanza kushuka chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1. Kitunguu hufuata kwenye 1.2, mahindi 1.7, nyanya 2.5. Shayiri huvumilia hadi 8. Mkulima huona majani yameungua kingo na mimea imenyauka ilhali udongo umelowa, akadhani ni kiu, akaongeza maji. Kama hakuna mtaro, maji ya chini ya ardhi hupanda. Yakikaribia uso wa udongo hadi kina kisichofika mita 1.5, udongo huyavuta wenyewe kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, na weupe wa chumvi unatanda juu ya matuta.

Hapa Bonde la Ufa kuna ubaya wa pili, nao unatutia hofu zaidi. Visima vingi vina sodiamu na baikaboneti, mambo ya magadi. Baikaboneti hushikana na kalsiamu ya udongo ikawa chokaa, sodiamu ikabaki inatawala. Chembe za udongo wa mfinyanzi huachana, vinyweleo vinaziba, maji yanatuama siku mbili na chini pakavu. Kipimo chake hakina gharama: tia donge kavu la udongo, kubwa kama punje ya hindi, katika glasi ya maji ya mvua, usilitikise. Likizungukwa na wingu kama maziwa, sodiamu imezidi. Shamba la namna hiyo usilioshe kwa maji matupu, utalifunga kabisa. Kwanza jasi, madini yenye kalsiamu, ichanganywe na udongo wa juu, ndipo maji yafuate. Kiasi cha jasi kisemwe na maabara, kwa mfano ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Kabete.

Sampuli ichukuliwe mwisho wa kiangazi, sehemu 10 hadi 15 za shamba, ukitenga udongo wa sentimita 0 hadi 30 na ule wa 30 hadi 60. Ukipima wa juu pekee utadanganyika, kwani chumvi hujificha chini.

Kwenye mifereji, mche upandwe ubavuni mwa tuta, si kileleni. Chumvi hukusanyika kileleni. Kwenye dripu, chumvi hukaa ukingoni mwa duara lililolowa. Manyunyu ya kwanza huirudisha kwenye mizizi, kwa hiyo usifunge dripu mvua ikianza kudondoka. Kwa kitunguu, maji ya desisimensi 0.5 yataka ziada ya sehemu moja kwa kumi ili kusukuma chumvi chini; maji ya 1.0 yataka moja kwa tano. Ziada hiyo bila mtaro ni hasara tupu. Kuchelewa nako ni ghali: kuosha sentimita 30 za udongo wa ekari moja kwahitaji takriban lita milioni 1.2.

Mgeni wa heshima, maombi yetu ni matatu. Kisima kipya chochote cha umma kipimwe sodiamu na baikaboneti kabla ya kununuliwa pampu. Wadi ipewe mita ya chumvi ya kuazimana. La tatu ndilo kubwa: bajeti ya mfereji wa kuleta maji isipitishwe bila mtaro wa kuyatoa, wenye kina cha mita 1.5 hadi 2, na mahali salama pa kuyapeleka, si shambani kwa jirani wa chini.

Karibu na tangi kuna meza yenye glasi tatu: udongo wa ukingoni usionyweshwa, wa katikati ya shamba, na wa bondeni maji yanakotuama. Madonge yametiwa asubuhi. Tunakuomba uzitazame kabla ya kwenda kwenye mahema.

Tunawasilisha.