Kwa mdogo wangu, kuhusu yule afande

Mdogo wangu, toka nitoke wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe wa WhatsApp unausoma kisha unanyamaza. Basi naandika hapa, maana blogu hii huikosi hata ukiwa umeninunia. Wasomaji wengine mniwie radhi, haya ni ya ndani.

Afande amepewa uhamisho, anakwenda bara mwisho wa mwezi. Nimemwalika Ijumaa baada ya sala, aje ale pilau nyumbani kwa Mama. Ndiyo, kwa Mama.

Najua utakalosema, umeshalisema kwenye mazishi ya Mama na kwenye kundi la familia: polisi ndio waliomchukua Kaka, sasa wanatafuta nini? Sikubishii. Tumekulia Majengo, Mombasa, sote, tunayajua magari yasiyo na namba, tunawajua vijana waliochukuliwa baada ya isha wasionekane tena. Lakini 2017 tulipokwenda kituoni kuripoti kwamba Kaka haonekani, yule wa kaunta alitwambia tungoje saa 24, pengine kaenda kwa mwanamke. Ni Afande aliyetufuata nje, akasema hakuna sheria ya kungoja, akaturudisha ndani na kusimama pale mpaka tukapewa namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Tena akatueleza kwamba Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, kwa hiyo kama Kaka ameshikwa, jina lake liwe limeandikwa mahali. Akaanza kuvisoma vitabu vya OB kituo kwa kituo, kisiwani, Likoni, mpaka Kwale. Wenzake walimcheka. Hata 2023, yalipofukuliwa makaburi ya Shakahola, ya wale waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa, miili ikapita 400, alikuwa akiwapeleka watu Malindi kwa gari lake mwenyewe wakatoe sampuli za DNA.

Sasa ile jioni Afande alipokuja kwa Mama. Mama alikuwa kwenye kitanda cha ukumbini, mguu umevimba. Afande alivua viatu mlangoni, soksi moja imetoboka kwenye kidole gumba, akakaa mkekani. Daftari lake lilikuwa la shule, limevalishwa gazeti. Mama akamsimulia Kaka tangu akinyonya: kovu la kisigino alilokatwa na chupa kule ufukweni Mama Ngina, jino alilovunja kwa ubishi, samaki asiyemla. Afande akaandika yote. Mama alipolirudia lile kovu, akaliandika tena.

Kisha ukaingia wewe. Hukusalimu. Alipoaga, ulikichukua kikombe alichonywea, kile cha maua cha seti ya harusi ya Mama, ukakitupa kwenye ndoo ya taka, naye bado anafunga kamba za viatu. Mama aliona. Ile seti hakuitoa tena kwa mgeni yeyote mpaka anafariki.

Maneno ya mazishini nimeyameza, msiba una mambo yake. Hilo la kikombe limenikaa kooni.

Na bado ni wewe uliyekuwa ukimkanda Mama mguu usiku mimi nimelala. Ni wewe uliyebandika picha za Kaka kwenye nguzo za stima mpaka Buxton, vidole vimeganda gundi. Hayo siyasahau pia.

Sikiliza nikwambie, wanao wanakua. Akichelewa mmoja, nenda kituoni usiku huohuo. Beba picha ya karibuni, si ile ya madrasa. Taja nguo alizovaa. Dai namba ya OB na jina la askari aliyekuandikia. Pita hospitali, na mochwari pia hata moyo ukikataa. Mimi nilipita. Kila simu ilipolia kwamba kuna mwili haujatambuliwa, nilikwenda mimi. Wewe ulisema huwezi kuona, na sikukulaumu. Nani alisimama nami pale mlangoni, akatangulia kuingia yeye, ili akitoka anitikisie kichwa nisilazimike kuingia? Ndiyo maana nilimpa chai. Ndiyo maana nilimpa mate yangu yakapimwe DNA bila kukuuliza. Watu wanasema nilinunuliwa. Kwa kipi, kwa soda?

Sasa umepata wakili. Miaka saba imepita, na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inaruhusu mtu asiyesikika habari zake muda huo ahesabiwe kuwa amekufa. Nakijua hicho kifungu, Afande ndiye aliyenisomea, akasema ni haki yetu tukitaka. Wifi yetu, mke wa Kaka, hajui akae eda au asikae, na hilo linanitoa machozi. Ila wewe huendi kortini kwa ajili ya eda. Unaitaka ile nyumba, na dalali wako ameshaipiga picha mpaka choo.

Mimi sitii sahihi kabla Afande hajanikabidhi daftari na kuniambia nani atakayeendelea na kazi. Ijumaa njoo ule, au usije. Na huyo wakili mwambie anipigie mimi, asimsumbue tena wifi.