Kwa nini hatubadilishi dawa ya usingizi katikati ya kazi ya kukusanya mate

Maabara yetu hukusanya mate ya panya kwa ajili ya watafiti, kwa malipo. Wanafunzi wa uzamili hutulalamikia jambo lilelile: bei kubwa, mate kidogo. Tukifuatilia, mara nyingi tunakuta ketamini iliwaishia wakiwa katikati, panya waliobaki wakalazwa kwa pentobabito, kisha matokeo yote yakaingizwa kwenye jedwali moja. Jedwali hilo haliokoleki.

Dawa ya usingizi hugusa mishipa ya fahamu inayoendesha tezi za mate. Ketamini peke yake huongeza mate. Zailazini, tunayoichanganya nayo ili misuli ilegee, huyapunguza. Pentobabito nayo huyapunguza. Atropini, ambayo wengine huidunga kwa mazoea ya chumba cha upasuaji, huziba vipokezi vilevile vya tezi ambavyo pilokapini, dawa tunayoidunga ili mate yatoke, inatakiwa kuviamsha. Ukishaidunga, kazi ya siku hiyo imeharibika. Ndiyo maana Ivan Pavlov aliwapasua mbwa kwanza, akawaacha wapone, ndipo akapima mate yao wakiwa macho.

Kwetu kila panya hupimwa uzito siku ileile, hakadiriwi kwa macho. Akishalala huwekwa juu ya pedi ya joto la nyuzi 37, kwa sababu mwili ukipoa mate hupungua. Kichwa hulazwa chini kidogo kuliko kiwiliwili, mate yatoke nje yasiingie mapafuni. Kipimo chetu cha pilokapini ni miligramu 0.5 kwa kilo, chini ya ngozi. Panya mdogo wa gramu 25 anapata mililita 0.125 ya mchanganyiko wenye miligramu 0.1 kwa kila mililita. Kijichupa cha kukusanyia, kilichopimwa kikiwa kitupu, hukaa kwenye barafu. Tunakusanya kwa dakika 15 tangu sindano, kisha kinarudi kwenye mizani. Miligramu 1 ya mate tunaihesabu mikrolita 1. Muda wote huo kuna mtu anayetazama pumzi za mnyama, na bei ni pamoja na mtu huyo.

Usituombe tuongeze pilokapini kwa sababu mate ni machache. Ikizidi, panya huharisha, mapigo ya moyo hushuka, na anaweza kupaliwa. Baya zaidi kwa utafiti wako, tezi dhaifu ikisukumwa kupita kiasi inaweza kuonekana sawa na tezi nzima, na tofauti uliyokuja kuitafuta ikapotea.

Anayetafuta amilase, protini ya mate inayomeng'enya wanga, atuambie mapema. Isoprotereno, dawa nyingine ya kuamsha tezi, hutoa mate machache yenye protini nyingi, kwa hiyo ujazo mdogo hapo si kasoro. Na anayechunguza kisukari apime sukari kabla ya usingizi, maana zailazini huipandisha.

Njoo na kibali cha kamati ya maadili, orodha ya makundi, na ketamini na zailazini za kutosha panya wote, za toleo moja. Zikipungua, tutaahirisha kundi zima hadi zitimie.